Ugonjwa Aliotoka Nao Maabara

Carmel Nsimire alikuwa mtu wa bakteria tangu Bukavu. Wenzake wa kitivo walitaka kupasua watu, au kuvaa koti jeupe na kuitwa daktari sokoni. Yeye alitaka hadubini. Mwaka wa kipindupindu, watu wa mitaa ya ufukweni mwa ziwa walipokuwa wakibebwa kwa machela za miti, alikaa katika maabara ya hospitali akiwatazama wale viumbe waliopinda kama alama ya koma wakikimbia ndani ya tone la maji, akajisemea kwamba adui akishaonekana kazi imeanza. Kuanzia hapo hakubadili njia.

Alifika Durban mwaka 2002 pamoja na mumewe Honoré na binti yao Jeancy, aliyekuwa bado mgongoni. Walipanga chumba kwenye ghorofa moja la Albert Park, wakigawana jiko na familia nyingine mbili. Honoré akapata kibanda cha kutengeneza simu. Carmel akapokelewa katika saluni ya Alain, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa na moyo mpana na mdomo mpana zaidi, akawa anasuka nywele. Diploma zake za Kifaransa alizipeleka chuo kikuu mara baada ya mara, na kila ofisi ilimpeleka ofisi nyingine. Mwishowe bibi mmoja wa kaunta alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba ingekuwa rahisi kama angeanza upya.

Mtu mwingine angekata tamaa. Carmel alienda nyumbani, akalia kidogo, kisha akaanza upya. Alirudia masomo aliyokwisha kuyafundisha wengine. Mchana alikaa darasani na vijana waliokuwa wadogo kwake kwa miaka kumi, jioni na Jumamosi alisuka. Kiingereza alikikamata kwa nguvu, kama mtu anayemkamata kuku uani, na alipomaliza shahada ya pili, taasisi moja ya utafiti wa kifua kikuu ilimchukua afanye udaktari wake, shahada ya tatu, pale. Siku hiyo Alain alifunga saluni mapema na kununua soda za watu wote.

Aliyemchukua alikuwa Profesa Thornhill, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye jina lake lilifungua milango ya wafadhili. Kazi aliyompa ilikuwa ya hatari na ya fahari. Kulikuwa na dawa mpya ya kifua kikuu, bado haijapewa jina, ina namba tu. Haikuwa imemezwa na mgonjwa hata mmoja, popote duniani. Ilikaa kwenye vichupa ndani ya friji za maabara chache. Carmel aliwachukua bakteria wa kifua kikuu sugu, akawaotesha kwenye visahani vyenye ile dawa kidogo, halafu zaidi kidogo, hadi wakapatikana wachache walioweza kuishi nayo. Lengo lilikuwa kujua bakteria wangeikwepa dawa hiyo kwa njia gani, kabla haijafika kwa watu. Bakteria wa kifua kikuu hawana haraka. Unawapanda, unasubiri wiki baada ya wiki, ndipo unaona vipele vikavu vya rangi ya maziwa yaliyochacha, vimekunjamana kama makombo ya mkate. Carmel aliwapenda kwa jinsi fundi anavyoipenda kazi yake. Alipopata wa kwanza waliokua juu ya dawa bila kujali, aliimba ndani ya barakoa.

Kazi hiyo ilifanyika katika chumba kilichofungwa, ndani ya kabati la chuma lenye kioo mbele na feni juu. Feni ile ndiyo iliyomlinda mfanyakazi: ilivuta hewa isimrudie usoni, ikaipitisha kwenye chujio. Mwishoni mwa mwaka 2009 feni ilianza kuchoka, na kabati likawa linapiga king'ora katikati ya kazi. Carmel alilisema jambo hilo katika mkutano wa Jumatatu, mbele ya watu wote. Akalisema tena Jumatatu iliyofuata. Profesa alijibu kwamba fundi anatoka Johannesburg, kwamba bajeti ya matengenezo imekwama, kwamba wafadhili wanakuja na wanataka kuona matokeo. Kuna kitufe cha kunyamazisha king'ora, alisema. Carmel alipouliza kama haingekuwa salama zaidi kusimamisha kazi kwa muda, Profesa alitabasamu na kusema kwamba anayetaka kusimama anaweza kusimama moja kwa moja, waombaji wa nafasi yake ni wengi.

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Aliyekaa bila kucheka alikuwa Safiyyah, msichana wa Chatsworth aliyekuwa akifanya udaktari wake kwenye chumba cha pili. Mababu zake walikuwa wa ile jamii ya Wazanzibari iliyohamishwa kutoka pwani ya Bluff wakati wa ubaguzi, na nyumbani kwao bado walikuwa na maneno machache ya Kiswahili ambayo alipenda kumjaribia Carmel, mengine yakiwa yamechakaa hata hayatambuliki. Kwa kawaida walizungumza Kiingereza. Siku hiyo, nje ya chumba cha mkutano, Safiyyah alimwambia kwamba kama angekuwa yeye angeenda kwa mkurugenzi. Carmel akamjibu kwamba yeye, Safiyyah, ana kitambulisho cha kijani cha raia. Yeye Carmel anatembea na karatasi ya ukimbizi inayopigwa muhuri upya kila mara. Kwenda kwa mkurugenzi si jambo moja kwa watu wawili hao.

Basi king'ora kikanyamazishwa, na kazi ikaendelea miezi mingi. Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakaondoka.

Kikohozi kilianza majira ya baridi ya 2010. Mwanzoni Carmel alikilaumu kiyoyozi. Halafu sketi zikaanza kumzunguka kiunoni, na usiku shuka likawa linalowa jasho. Honoré alitaka kumpeleka kwenye maombi. Yeye alienda kliniki kwanza, kwa sababu alikuwa ameshajua, jinsi mpishi anavyojua chakula kimeungua kabla hajafunua sufuria. Picha ya kifua ilionyesha doa upande wa kulia. Makohozi yakaleta jibu baya: TB sugu.

Alimpigia simu Profesa akamwomba watoke wakutane nje, kwenye maegesho, upepo ulipo, asije akamwambukiza mtu. Alisimama mbali naye, barakoa usoni, akamweleza. Alitegemea swali la kwanza liwe juu yake, au juu ya wenzake wa chumbani. Profesa alirudi nyuma hatua mbili.

"Wewe unakaa Albert Park, sivyo?" akasema.

Carmel akakubali.

"Nasikitika sana. Lakini nyote mnajua jinsi mnavyobanana mle. Na hatujui ulikuja na nini kutoka Kongo."

Carmel alidhani homa inamdanganya masikio. Akamkumbusha kabati, feni, ile mikutano ya Jumatatu. Profesa akasema kwa sauti yake ya upole kwamba ni hatari kwa mwanasayansi kufikia hitimisho bila ushahidi. Mwezi haukuisha, mkataba wake ulikuwa umekatwa, na kadi yake ya getini haikufungua tena. Wafanyakazi waliambiwa kwamba mwenzao amepata maradhi kutoka kwa jamii yake, kwamba taasisi inamtakia nafuu. Safiyyah ndiye aliyemletea maneno hayo, na alipoyatamka uso wake uliwaka kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyeyatunga.

Jamii yake. Carmel alilitafuna neno hilo hospitalini, kitandani, akitazama dari. Jamii yake ilikuwa Honoré, aliyepimwa akakutwa mzima. Ilikuwa Jeancy, aliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima, akapimwa akakutwa mzima. Ilikuwa wanawake wa zile familia mbili za jikoni, waliopanga foleni kliniki na watoto wao huku wakimlaani kimoyomoyo, wote wazima. Ilikuwa Alain, aliyeenda kupimwa huku akilalamika, kisha akaja hospitalini na kapu la matunda na kusimama dirishani akimpungia mkono kama mtu aliye kituoni. Mwenye nyumba aliposikia ni TB sugu alitaka kuwatoa, na Honoré akalazimika kumwomba kwa magoti. Mtu mzima, baba wa mtoto, akapiga magoti kwenye ngazi za ghorofa kwa sababu profesa mmoja hakutaka kulipia fundi. Hilo Honoré hakumsimulia mkewe. Carmel alilisikia kwa majirani, na siku hiyo hakula.

Tiba ilikuwa ndefu na ya kikatili. Vidonge kiganja kizima, na sindano kila siku kwenye paja, hata paja likawa gumu kama ubao. Carmel aliijua sindano ile vizuri kuliko alivyotaka. Ni dawa iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni miaka mingi iliyopita, inaua kifua kikuu, na kwa watu wengine inaua pia vinyweleo laini vya ndani ya sikio ambavyo havioti tena. Aliwahi kuyafundisha hayo darasani. Kwanza zilipotea kengele za simu. Halafu ndege. Siku moja Honoré alimpa simu aongee na Jeancy, akaona midomo ya mumewe ikimhimiza, na masikioni mwake kulikuwa na mvumo tu, kama bomba la maji ukutani. Sauti ya mtoto ilikuwa nyembamba mno, ilikuwa imeshaondoka.

Daktari, mwanamke kijana asiyependa kuzunguka maneno, alimwandikia kwenye karatasi kwamba wanaweza kusimamisha sindano, lakini ugonjwa ukirudi hapatakuwa na dawa nyingi zilizobaki. Carmel akasema waendelee. Daktari alipotoka, alikivuta kitambaa kichwani kikamfunika macho, akakaa hivyo hadi chakula kilipoletwa. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba aliogopa kufumbua macho mbele ya watu.

Katika hali hiyo ndipo lilipomjia wazo, na lilimjia kama mtafiti, si kama mgonjwa. Safiyyah alipokuja Jumapili, amevaa barakoa, wakakaa uani kwenye benchi, Carmel hakungoja salamu ziishe.

"Bakteria zangu ziko wapi?" akauliza kwa Kiingereza chake chenye Kongo ndani.

Safiyyah hakuelewa. Aliinama akamsemea karibu na sikio lililobaki na nguvu kidogo: zipi?

"Zilizotoka kifuani mwangu. Hospitali wanazo, wamezihifadhi. Zipandeni kwenye ile dawa ya namba. Kama nimeambukizwa Albert Park, zitakufa zote, kwa sababu Albert Park hakuna mtu amewahi kuiona dawa ile. Kama zitaota, basi zilishakutana nayo. Na pa kukutana nayo ni mahali pamoja tu, maabara yetu."

Carmel, aliyekwisha kuanza kujifunza kusoma nyuso, aliona usoni mwa Safiyyah jinsi jambo lilivyoingia. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliweza. Shida ilikuwa nani atalifanya. Safiyyah alimwendea Profesa kwanza, kwa uwazi, akamwomba ruhusa. Profesa akamwambia kwamba anamheshimu kwa moyo wake mzuri, na kwamba angependa kumwona anamaliza udaktari wake bila matatizo. Safiyyah alirudi Chatsworth na maneno hayo, akayaweka mezani mbele ya baba yake, fundi cherehani aliyekuwa hamjui Carmel ila kwa jina. Mzee Yakoob alimuuliza swali moja tu: huyo mwanamke asingekuwa mkimbizi, wangemfanya hivyo? Binti akasema hapana. Baba akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatatu Safiyyah alikwenda kwenye maabara ya chuo kingine mjini, kwa mwanasayansi mmoja mwanamama, Dokta Naicker, aliyekuwa na kibali cha kushika bakteria hao na vichupa vyake mwenyewe vya ile dawa. Carmel akatoa idhini yake kwa maandishi, kama mgonjwa mwenye haki na kilichotoka mwilini mwake. Hospitali ikakabidhi. Dokta Naicker akapanda visahani: vingine bila dawa, vingine na dawa, na pembeni bakteria wa wagonjwa wengine wa mji kwa kulinganisha.

Halafu wakasubiri, kwa sababu viumbe hao hawaharakishwi na machozi ya mtu. Carmel alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alikwenda kliniki kila asubuhi kuchomwa, akarudi kukaa dirishani, akitazama ghorofa za South Beach kwa mbali na magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, bila sauti. Jeancy alijifunza kumgusa mkono kabla ya kusema.

Safiyyah alikuja na jibu mwenyewe, hakupiga simu. Aliingia, akamsalimu Honoré, akafungua simu yake na kuwaonyesha picha. Visahani vya wagonjwa wengine vyenye dawa vilikuwa vitupu na safi. Kisahani cha Carmel kilikuwa kimejaa. Vipele vikavu, vya rangi ya maziwa yaliyochacha, vimekunjamana. Carmel aliwatambua kama mtu anavyomtambua mtoto wake kwenye picha ya shule. Aliwalea mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, akawafundisha kuishi na dawa, akawaimbia.

Honoré alitaka kueleweshwa, na mkewe akamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani, polepole:

"Hii TB haina ya Kongo, haina ya Albert Park. Iko ya kazi. Mimi mwenyewe njo nilikuwa naichunga."

Honoré alikaa kitandani. Akaeleza, kwa mara ya kwanza, habari ya magoti kwenye ngazi. Carmel hakuyasikia maneno yote, lakini aliona mikono ya mumewe, na aliona macho ya Safiyyah, akaelewa yaliyobaki.

Dokta Naicker alipoipelekea taasisi matokeo, ndipo ikataka kikao. Mkurugenzi alikuwepo, na mwanasheria, na Profesa Thornhill, na meza ndefu yenye maji ya chupa. Carmel aliingia na Dokta Naicker na Safiyyah. Mkurugenzi aliongea vizuri: tukio la kusikitisha, ajali ya kazi, taasisi iko tayari kumsaidia, na kwa faida ya pande zote jambo lisitoke nje ya chumba hiki. Halafu Profesa akaanza kusema, akitazama dirishani, kidevu kimegeukia bahari. Carmel hakupata hata neno. Akamwacha afike katikati, kisha akagonga meza kwa kiganja.

"Profesa, ukisema na mimi unigeukie. Masikio yangu yamekufa kwa ajili ya chumba chako."

Chumba kizima kilimsikia. Profesa aligeuka, mwekundu hadi shingoni. Akarudia alichokuwa anasema, na kilikuwa kidogo: kwamba hakuna aliyeweza kujua. Carmel akamwambia kwamba yeye alijua, na alimwambia, na watu waliokuwa wakicheka Jumatatu ile wako ofisi za pembeni, waitwe. Hakuna aliyekwenda kuwaita.

Pendekezo la kunyamaza alilikataa palepale. Alitaka isemwe wazi kwamba ugonjwa ulitoka kazini, na alitaka kila mtu aliyewahi kuingia chumba kile apimwe, kuanzia watafiti hadi wanaofagia. Hilo la pili walilikubali kwa shingo upande, baada ya Dokta Naicker kusema kwamba wasipopima wao atawaita wanaokagua maabara. Na walipopima, walimkuta MaNgcobo, mama wa Umlazi aliyekuwa akisafisha sakafu za ghorofa lile na kutoa taka za chumba. Alikuwa na doa dogo kifuani na kikohozi alichokuwa akikificha miezi mingi, kwa kuona jinsi Carmel alivyofanyiwa. Alitibiwa mapema, akapona na masikio yake mazima. Carmel alikwenda kumtembelea. Walikaa wameshikana mikono, wakiongea kwa vidole na Kizulu kibovu cha Carmel, na alipotoka pale hasira yake ilikuwa imeongezeka, kwa sababu kama asingewaza lile jaribio, yule mama angekufa akiitwa mtu wa jamii fulani.

Serikali ilikubali madai yake ya ugonjwa wa kazini, lakini kwa mwendo ambao bakteria wa kifua kikuu wangeucheka. Kabati likabadilishwa. Profesa Thornhill hakufukuzwa wala kukemewa hadharani. Alipata nafasi nzuri ng'ambo na kufanyiwa tafrija ya kumuaga. Safiyyah alihamisha masomo yake kwa Dokta Naicker, akapoteza mwaka mmoja wa kazi, na hakuwahi kumkumbusha Carmel jambo hilo. Carmel naye alifuata hukohuko alipopona, na vifaa vya kusikia nyuma ya masikio yote mawili, vinavyoleta sauti za watu kama zinatoka ndani ya kopo. Utafiti wake wa zamani ulikuwa umebaki taasisini. Akaanza upya, mara ya tatu katika maisha yake, na udaktari wake aliupata mwaka 2015.

Mwaka huo Durban haikuwa mahali pa mgeni kutembea kifua mbele. Maduka ya Wakongomani yalivunjwa na makundi yaliyotaka wageni waondoke, watu wakalala kwenye mahema, na Honoré akafunga kibanda hadi mambo yatulie. Mzee Yakoob alituma gari liwachukue, wakakaa Chatsworth kwake wiki kadhaa. Kutoka huko, Carmel alikwenda kazini kila siku akipitia njia za nyuma.

Mambo yalipotulia, kanisa lao la Albert Park lilifanya ibada ya shukrani. Mchungaji Protas alimwita mbele, akamsifu kwa udaktari, akamkabidhi kipaza sauti aseme neno juu ya kuwasamehe waliomtesa. Carmel alimwomba arudie swali, akimtazama mdomoni. Mchungaji akarudia.

"Sijasamehe, Baba Mchungaji," akasema. "Hakuna mtu amekuja kuniomba. Akija, nitamsikiliza, lakini atasema kwa sauti kubwa."

Baadhi ya watu waliguna. Honoré, kwenye benchi la mbele, alikuwa wa kwanza kusema amina. Carmel akarudisha kipaza sauti, akakaa karibu na bintiye. Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na alikuwa na visahani vya kuangalia.